Pikipiki ya cc 650 iliyotumika: dalili, chanzo chake, na lini uachane nayo

Boxer iliyochoka haimfilisi mtu. Pistoni, ringi, pleti za klachi, hata kranki, vyote viko Kariakoo, na fundi wa kijiweni anaifungua injini ile hata gizani. Pikipiki za ukubwa wa kati ni habari nyingine. Ukiwa na Suzuki V-Strom 650, Kawasaki Versys au KLR650, Honda Transalp au BMW F650GS, gasketi moja tu ya kava la klachi huenda ikabidi iagizwe nje, ilipiwe usafiri na ushuru, huku pikipiki imelala gereji ikiwa imefumuliwa.

Ndiyo maana kila dalili utakayoikuta naipima kwa swali moja: kuitibu kunahitaji injini ishushwe kwenye fremu au hapana? Cheni, tairi, pedi, betri na beringi za magurudumu zina bei inayojulikana, na muuzaji akiwa muungwana mtazipunguza kwenye bei papo hapo. Gia inayoruka au silinda inayokula oili haina bei unayoweza kuikadiria ukiwa umesimama uwanjani kwa mtu. Maelezo yafuatayo nimeyapanga kwa kufuata mtiririko wa ukaguzi wenyewe, tangu injini ikiwa ya baridi hadi kwenye karatasi.

Beba mita ya umeme, tochi na kitambaa cheupe. Mwambie muuzaji mapema, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba unataka kuikuta injini ikiwa ya baridi. Ukifika, weka kiganja kwenye kava la injini wakati salamu zinaendelea. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa, au angalau huwezi kujua kama hakikufichwa. Subiri ipoe kabisa au rudi kesho.

Inawaka kwa shida asubuhi

Anza na betri kwa sababu ni rahisi kuipima. Kabla ya kuwasha, betri nzima ya volti 12 inasoma kati ya 12.6 na 12.8. Bonyeza stata huku ukiangalia mita: ikishuka chini ya 10, betri imechoka au nyaya zake zimelegea na kuota kutu. Hiyo ni gharama ndogo.

Stata ikizungusha kwa nguvu na injini bado inagoma, kuna njia mbili. Ya kwanza ni petroli iliyolala. Pikipiki hizi nyingi huwekwa miezi bila kutumika, kwa kuwa mwenyewe ana gari na hii ni ya wikendi. Kwenye kabureta, petroli ikikauka huacha gundi inayoziba jeti. Kwenye pikipiki ya injekta, sikiliza pampu ukifungua swichi: inatakiwa ivume sekunde mbili tatu kisha inyamaze. Pampu inayolia kwa sauti ya kukwaruza, na pikipiki inayokosa nguvu ukivuta mafuta mengi kwenye mlima, mara nyingi ni chujio la ndani ya tanki lililoziba.

Njia ya pili ndiyo inayonipa wasiwasi: valvu zilizobana. Kadiri injini inavyokula kilometa, valvu za moshi huzama kidogo kidogo kwenye viti vyake na nafasi iliyoachwa kiwandani inapungua, hadi valvu inafika mahali haifungi kabisa. Mgandamizo unavuja, injini inawaka kwa shida, haikai sailensa (haitulii ikinguruma bila kuvutwa mafuta), na mwisho valvu inaungua. V-Strom 650 inatakiwa kupimwa nafasi za valvu kila kilometa 24,000. Ukikuta imefika 50,000 na mwenyewe anakuambia "hii haijawahi kuguswa, Mjapani huyu", hiyo ni sifa mbaya. Injini inayotatarika kidogo juu ni afadhali kuliko ile iliyonyamaza kupita kiasi. Kurekebisha ni kazi ya kutoa kemshafti na kubadilisha visahani vidogo vya unene tofauti. Fundi anayejua anaimaliza bila kuigusa kranki, lakini wa namna hiyo unamtafuta kabla ya kununua, na kipimo cha mgandamizo akifanye mbele yako.

Moshi

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na saa unayouona inakuambia inapotokea. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukaisha, au unapotoka baada ya kuachia mafuta kwenye mteremko, sili za valvu zimekauka. Ukitoka unapovuta mafuta kwa nguvu na kuendelea kutoka, ringi zimekwisha au silinda imechimbika. Sili za valvu zinavumilika kwa punguzo kubwa. Ringi hazivumiliki.

Moshi mweusi ni petroli nyingi: chujio la hewa lililojaa vumbi, sensa mbovu, au kabureta. Hapa kuna jambo la kwetu. Pikipiki ya kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari ikipelekwa Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu, hewa inakuwa nyepesi na petroli inazidi. Plagi zitakuwa nyeusi na nguvu zitapungua bila kitu chochote kuwa kibovu. Ya injekta hujirekebisha yenyewe, kwa hiyo ikitoa moshi mweusi usikubali kisingizio cha mwinuko.

Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto, wenye harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna utelezi wa rangi ya maziwa. Kwenye maeneo ya baridi kama Njombe au Limuru, utelezi kidogo chini ya kifuniko unaweza kuwa unyevu tu wa safari fupi. Dar es Salaam hauna sababu hiyo. Ukiukuta kwenye kioo cha oili pia, gasketi ya hedi imekwenda.

Betri ni mpya kabisa

Hii naiweka kama dalili, na ndiyo ningependa uikague kwa makini kuliko zote. Mtu anayeuza hanunui betri mpya kwa mapenzi. Huenda ya zamani ilikufa kwa uzee, sawa. Lakini pia huenda pikipiki haichaji, na betri mpya inatosha kuiwasha mara kadhaa hadi utakapofika kwako.

Pikipiki hizi zina sumaku inayozunguka na koili iliyosimama, na umeme unaotoka hupita kwenye rektifaya kabla ya kufika kwenye betri. Rektifaya za aina ya zamani huuzuia umeme uliozidi kwa kuugeuza joto. Kwa hiyo kifaa hiki kinaishi kwenye moto muda wote, na katika hali ya hewa ya pwani, penye chumvi na joto, kinakufa mapema. Suzuki na Honda za miaka ya 1990 na 2000 zinajulikana kwa ugonjwa huu.

Upime hivi. Washa injini, iache ipate moto, weka mita kwenye betri, kisha piga resi hadi mzunguko wa 5,000 kwa dakika. Unataka kuona kati ya volti 13.5 na 14.8, taa zikiwa zimewaka. Ikibaki chini ya 13, haichaji. Ikipanda kupita 15.5, rektifaya imeshindwa kuzuia na inaichemsha betri. Rudia kipimo baada ya kuiendesha, maana rektifaya inayokaribia kufa hufanya kazi vizuri ikiwa ya baridi na kulegea ikipata moto.

Haichaji: ni rektifaya au koili? Chomoa soketi ya nyaya tatu za rangi moja zinazotoka kwenye kava la sumaku. Itazame kwanza. Plastiki iliyoyeyuka au shaba iliyogeuka kijani tayari ni jibu la nusu. Zima injini, pima kila waya dhidi ya chuma cha injini: hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusana na bodi. Washa tena, weka mita kwenye umeme wa AC, pima nyaya mbili mbili kwenye mzunguko wa 5,000. Masomo matatu yanatakiwa yafanane, na kwa V-Strom yawe zaidi ya volti 60. Yakifanana na kuwa juu, koili ni nzima na tatizo liko kwenye rektifaya, kitu cha kufungua kwa boliti mbili. Moja likiwa chini, koili imeungua. Hiyo iko ndani ya kava la pembeni, inataka gasketi na oili mpya, lakini injini haishuki. Yote mawili yanajadilika. Kisichojadilika ni muuzaji anayekataza kupimwa.

Inamisi ikinyeshewa au ikioshwa

Hapa nazitaja Suzuki SV650 na V-Strom 650 kwa jina, kwa kuwa ni ugonjwa wao. Silinda ya mbele imelala nyuma ya tairi la mbele, na plagi yake iko kwenye shimo linalopokea maji na tope lote la barabarani. Kiwandani waliweka tundu dogo ubavuni mwa silinda ili maji yatoke. Tope likiliziba, maji yanajaa kwenye shimo la plagi na pikipiki inabaki na silinda moja: inatetemeka, inakosa nguvu, inapiga kelele za trekta.

Wenye pikipiki wengi wamebadilisha koili, plagi na hata kompyuta kabla ya kulijua tundu hilo. Mwombe muuzaji maji kidogo, nyunyizia mbele ya injini ikiwa inanguruma. Ikianza kumisi, una sababu ya kuomba punguzo, na tiba yake ni waya mwembamba wa kuzibulia tundu, plagi mpya, na grisi ya silikoni kwenye kofia ya plagi.

Gia ya pili inaruka

Usinunue pikipiki ya ukubwa huu bila kuiendesha. Muuzaji akiogopa utakimbia nayo, mwachie pesa taslimu mkononi na rafiki uliyekuja naye.

Mahali pa wazi, ingia gia ya pili, vuta mafuta kwa nguvu hadi mzunguko upande, achia ghafla, vuta tena. Fanya hivyo hivyo kwenye ya tatu. Gia ikichomoka na injini ikapiga resi tupu, meno ya gia yameliwa pembe, na foku inayoisukuma huenda imepinda. Chanzo ni miaka ya kubandika gia bila klachi au kwa mguu usiomaliza safari yake. Wapo watakaokuambia ni oili tu, au ni kurekebisha pedali. Pedali iliyolegea huleta gia kukataa kuingia. Gia iliyoingia kisha ikatoka yenyewe inahitaji injini ishushwe na kesi zake zipasuliwe mbili. Rudisha pikipiki, shukuru, ondoka.

Mzunguko unapanda, spidi haipandi

Klachi inateleza. Ingia gia ya mwisho au ya kabla yake kwenye kilometa 60 kwa saa, fungua mafuta yote. Kabla ya kulaumu pleti, uliza oili gani inatumika. Oili nyingi za magari zina kilainishi cha kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaoga kwenye oili ile ile ya injini. Inatakiwa oili yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha oili za pikipiki zenye klachi ya aina hii. Wakati mwingine kubadilisha oili peke yake kunaponyesha, ila wewe jadili bei kana kwamba pleti zimekwisha.

Inachemka

Acha injini ingurume imesimama hadi feni iwake. Isipowaka huku kipimo kikipanda, inaweza kuwa fyuzi, sensa au feni yenyewe iliyojamu kwa tope. Injini ikishapoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya kahawia yanakuambia mtu amekuwa akiongeza ya bomba, na kutu imeshaanza kula ndani. Kwenye BMW F650GS ya silinda moja, angalia chini ya pampu ya maji: kuna tundu la tahadhari, na likidondosha maji au oili, sili za pampu zimekwisha. Usichanganye na F650GS ya 2008 na kuendelea, ambayo jina ni lile lile lakini injini ni ya silinda mbili, cc 798.

Kelele kutoka ubavuni mwa injini

Mkwaruzo wa sekunde chache unapowasha asubuhi, kisha ukatulia, kwa kawaida ni tenshena, yaani kikazio, cha mnyororo wa taimingi. Ukiendelea hata injini ikiwa ya moto, mnyororo wenyewe umevutika.

KLR650 ina lake. Ndani ya kava la kushoto kuna mkono mdogo wa chuma unaokaza mnyororo wa balansa (shafti za kupunguza mtetemo), na kwenye matoleo ya kabla ya 2008 mkono huo hukatika, vipande vikaanguka ndani ya injini. Hausikiki kila mara. Kwa hiyo uliza kama umeshabadilishwa na wa kutengenezwa nje ya kiwanda, na utake ushahidi. Kwenye pikipiki hiyo hiyo chungulia boliti mbili za juu zinazoshika fremu ya nyuma, maana hukatika zikibebeshwa mizigo mizito ya safari.

Inavuta upande, au usukani una kituo

Inua tairi la mbele na uzungushe usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukiusikia unakaa kwenye kijibonde pale katikati, beringi za shingo zimechimbika. Shika miguu ya shokapu za mbele uvute na kusukuma: mchezo wowote ni beringi zilizolegea. Hizi zinabadilishwa bila maumivu makubwa, na barabara zetu za matuta huzimaliza mapema.

Kinachotisha ni ajali. Tazama vizuizi vya usukani kwenye shingo ya fremu, vile vinavyouzuia kugeuka kupita kiasi. Kizuizi kilichobonyea au kuvunjika, na rangi iliyopasuka karibu na maunganisho ya shingo, vinasema pikipiki iligonga kitu kwa mbele. Ncha za vishikio zilizokwaruzika peke yake ni kuanguka ikiwa imesimama, jambo la kawaida kwa pikipiki ya kilo 200. Simama nyuma, mwombe mtu ashike usukani umenyooka, angalia kama matairi mawili yako kwenye mstari mmoja. Kisha endesha mahali palipo sawa: ikikutaka uibane upande mmoja muda wote, achana nayo.

Pitisha kitambaa kwenye vyuma vinavyong'aa vya shokapu za mbele. Alama ya oili ni sili. Vishimo vya kutu juu ya chuma ni jambo zito zaidi, kwa sababu vitaichana kila sili mpya utakayoweka.

Breki, cheni na tairi

Haya ni ya kupunguza bei tu. Breki inayopigapiga mkononi ni diski iliyopinda, na unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe. Mafuta ya breki yaliyogeuka rangi ya chai nzito yamepitiliza miaka miwili yake. Vuta cheni nyuma kabisa ya spoketi kubwa: ikiachia hadi ukaona nusu ya jino, nunua seti nzima.

Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, hata kama kashata (meno ya tairi) zote bado zipo. Jua pia saizi kabla ya kukubali: V-Strom inavaa 110/80-19 mbele na 150/70-17 nyuma, na duka la kawaida la tairi za bodaboda halina hizo.

Taa za dashibodi

Ukifungua swichi, taa ya injini na ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga), kama pikipiki inazo, lazima ziwake. Ya ABS inazimika ukianza kutembea. Isiyowaka kabisa huenda imetolewa balbu ili usione kosa. Kwenye Suzuki za injekta kuna soketi ndogo ya uchunguzi. Fundi akiiunganisha kwa kipande cha waya, dashibodi inaonyesha C00 kama hakuna kosa lililohifadhiwa, na namba nyingine kama lipo.

Karatasi hazilingani na chuma

Namba ya fremu iko kwenye shingo ya usukani, ya injini iko kwenye kesi. Zisome mwenyewe kwa tochi, herufi kwa herufi, pamoja na kadi ya usajili ya TRA, au kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukiwa Kenya. Pikipiki iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ina namba fupi kuliko zile herufi na tarakimu 17 za soko la dunia, hivyo ufupi peke yake si ushahidi wa kughushi. Ushahidi ni chuma kilichosuguliwa, namba zisizo kwenye mstari, au rangi mpya pale tu.

Kuwa macho na pikipiki zenye namba za kigeni zinazouzwa na wasafiri waliofika mwisho wa safari yao ya Afrika. Nyingi zimetunzwa vizuri kuliko zetu, lakini ziliingia kwa hati ya muda, bila ushuru, kwa ahadi kwamba zitatoka. Ushuru huo usipolipwa hakuna usajili, na bila usajili umenunua spea. Mtake muuzaji mwende forodhani pamoja, mpate kiasi cha ushuru kwa maandishi, na kiasi hicho kitoke kwenye bei kabla hujampa hata shilingi ya kishika uchumba.